Kompyuta Iliyomkataa Doto

Buswelu, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Chukua na shikamoo ya Baba umpelekee hapo alipokaa, na umwambie kile kikohozi chake ulichoniandikia nimekisikia mpaka huku. Apunguze tumbaku. Najua atasema siku hizi Skola anaongea kama nesi. Mwambie ndiyo, nashinda na manesi, wameniambukiza. Magoti yako yanaendeleaje? Na mvua ilivyochelewa, mliwahi kupalilia? Umesema wanunuzi binafsi wameanza kupita mashambani na magari yao kutafuta kahawa, na chama cha ushirika kimekaa kimya tu. Usiwauzie ikiwa bado mtini, Mama, hata wakija na maneno matamu namna gani. Mimi ni mzima wa mwili. Nimechoka tu, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha.

Barua yako niliisomea mlangoni, kabla hata sijavua viatu. Umeuliza: "Hiyo kazi ya kukaa kivulini mbele ya kioo kutwa nzima, inamchoshaje mtu?" Nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika kidogo, halafu nikaona una haki ya kujibiwa. Kwa hiyo leo sitakuandikia habari za jua na mvua. Nitakueleza kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu wiki hii kazi hiyo imenitia matatani, na huenda kesho nikaamka sina kazi. Usishtuke, soma kwanza mpaka mwisho.

Bado napanga kwa Mama Sabina. Chumba ni kile kile, bati likinyeshewa huwezi kusikia redio. Mji umechangamka kwa wenye nazo. Viwanda vya samaki vimeota kando ya ziwa, sangara anakatwa minofu anapandishwa ndege kwenda Ulaya, na sisi tunanunua mapanki, yaani kichwa na mgongo na miiba iliyobaki. Mama Sabina anayakaanga vizuri sana, lakini ukimaliza kula unajua kabisa kwamba ulikuwa unakula miiba. Wanasema huu ndio wakati wa soko huria. Ukisikia mtu huko nyumbani anasema Skola yuko ziwani anakula samaki, mwache aendelee kusema, usimkatishe tamaa.

Sasa kazi. Mradi wetu ni wa afya ya watoto wadogo walioko ng'ambo ya maji, Kamanga na vijiji vinavyoizunguka, upande wa Sengerema. Unajua hospitali zimeanza kutoza. Basi mtoto aliyesajiliwa na mradi anapewa kadi, na kwa kadi hiyo anatibiwa bure kwenye kliniki yetu ya Kamanga. Vijana wetu wanavuka kwa kivuko, wanapita kaya kwa kaya wakijaza karatasi: jina la mtoto, la baba na la mama, wa kike au wa kiume, kijiji, siku ya kuzaliwa, hata alama ya mwilini. Karatasi zinaletwa ofisini mjini, mchapaji wetu Rehema anaziingiza kwenye kompyuta, na kompyuta inatoa kadi. Programu inayofanya hivyo iliandikwa na mtaalamu mmoja wa kigeni ambaye mkataba wake uliisha akarudi kwao kabla mimi sijafika. Niliajiriwa kuilea. Ni kama kuachiwa mtoto wa watu na hujui alizoea maziwa gani.

Mwezi uliopita alikuja ofisini mwanamke anaitwa Mama Kulwa, amevuka asubuhi kutoka Kamanga na mtoto wa kike mgongoni, wa miaka minne hivi. Hapa lazima nikueleze desturi ya huku. Kwa Wasukuma mapacha hawatafutiwi majina. Wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, wawe wa kike au wa kiume, basi, imekwisha. Na Kulwa hutangulia. Kwenye kuogeshwa anaanza Kulwa, kwenye uji anaanza Kulwa, na mgeni akiuliza habari za watoto atatajiwa Kulwa kwanza. Mama huyu alikuwa na mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Kadi ya Kulwa ilitoka. Ya Doto haikutoka, akaambiwa subiri, akasubiri, haikutoka.

Na aliye mgonjwa ni Doto. Ana pumu, tena pumu mbaya, ya kumkaba mpaka midomo inabadilika rangi. Anahitaji dawa kila mara na anahitaji kuonwa. Mama yake alipochoka kusubiri akafanya kile ambacho hata wewe ungefanya: akampeleka Doto kwa kadi ya Kulwa. Watoto wanafanana, nani angejua? Akatibiwa hivyo kwa muda, mpaka Nesi Imelda wa kliniki akamtazama mkono. Karatasi ya Kulwa inasema ana kovu la moto kwenye kiganja, na mtoto aliyeletwa hakuwa nalo. Nesi akaichukua ile kadi mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi, akasema hii ni kliniki ya watoto wa mradi, si ya watoto wa ukoo. Kuanzia hapo hata Kulwa akawa hana kadi.

Nilikuwa nimesimama na karatasi zangu mlangoni kwa Daktari Mwombeki, mkuu wetu wa mradi, wakati mama huyo anajieleza. Daktari si mtu mbaya, Mama. Ni mtu aliyechoka kama mimi, ila yeye uchovu wake una meza kubwa.

"Mama, kompyuta inaonyesha una mtoto mmoja wa umri huu," alimwambia kwa upole kabisa. "Huyu ni wa dada yako? Sema tu, hatutakufunga."

"Wa dada yangu! Huyu ni Doto. Kulwa nimemwacha kwa bibi yake."

"Kompyuta haimjui Doto."

"Mimi nimezaa wawili, Daktari. Hiyo kompyuta ndiyo imezaa mmoja."

Alipotoka alinikuta pale nje, akanisalimia mwangaluka kama vile hajatoka kutukanwa, akaniuliza jina langu, akamfunga mtoto vizuri mgongoni akaenda zake kivukoni. Yule mtoto alikuwa anapumua kwa sauti, kama mtu anayekuna kitu polepole. Ile sauti ilibaki masikioni mwangu siku nzima.

Nikaenda stoo kutafuta. Karatasi zao nilizikuta, zote mbili, ya Kulwa juu na ya Doto chini yake, mwandiko mmoja, siku moja. Rehema akaniapia kwa jina la Mungu kwamba yeye hachapi karatasi moja akaruka nyingine. Nikampelekea Daktari. Akazitazama, akanirudishia.

"Skolastika, hawa vijana tunawalipa kwa karatasi. Wanaweza kuzaa watoto kwenye kalamu. Ndiyo maana programu iliwekewa sehemu ya kuwakamata walioandikwa mara mbili. Watu wa ng'ambo wanagawana kadi, tumesikia siku nyingi. Lisemwalo lipo."

Basi nikajua hakuna karatasi itakayomgeuza. Ilibidi niingie ndani ya programu yenyewe nimtafute Doto kule alikopotelea.

Sasa sikiliza, Mama, hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Programu ni maagizo yaliyopangwa mstari baada ya mstari. Kompyuta inayapitia kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuiona. Unaingiza karatasi huku, kadi inatokea kule, na kilichofanyika katikati hukijui. Ukitaka kukijua, kuna kifaa humo humo ndani ya kompyuta kinachoitwa dibaga. Wengi wanadhani dibaga inakuonyesha kosa. Haikuonyeshi chochote usichokiuliza. Inaipunguza tu programu mwendo ili uone wewe mwenyewe. Naweka alama kwenye mstari ninaoushuku, programu yote inakwenda mbio lakini ikifika pale inasimama. Nikibonyeza kitufe, inatembea mstari mmoja, inasimama tena. Kitufe kingine kinaniingiza ndani ya kazi ndogo iliyojificha chini ya mstari huo. Sehemu ya chini ya kioo nafungua kidirisha, nakiagiza: nionyeshe jina la mtoto, nionyeshe jina la mama. Basi kila hatua ninayopiga naona yaliyomo yakibadilika. Na kuna kidirisha kingine kinachotaja kazi ipi imeiita ipi, kutoka hapo uliposimama kurudi nyuma hadi kwa aliyeanzisha maneno yote.

Unavyochambua kahawa kwenye ungo, punje kwa punje, mpaka ukifumba macho bado unaona kahawa? Ndivyo kazi yangu ilivyo. Tofauti ni kwamba wewe ukimaliza unalo rundo la kuwaonyesha watu.

Siku ya kwanza niliweka alama vibaya. Programu ikawa inasimama kwa kila mtoto wa mradi mzima, na mimi nabonyeza, nabonyeza, mpaka kidole kikafa ganzi na majina ya watoto wa watu yakawa yanacheza mbele ya macho yangu kama inzi. Sikumfikia Doto. Siku ya pili nikapata akili, nikaiwekea ile alama sharti: usisimame isipokuwa jina la mama likiwa hili. Nikaiachia iende, nikakaa kungoja. Umeme ukakatika. Ni mgao, Mama, na jenereta ya mradi ni ya friji za chanjo tu. Kompyuta ikizimika inasahau yote, alama, sharti, kila kitu, unaanza upya kama mwendawazimu. Nilikaa pale mbele ya kioo cheusi nikijitazama sura yangu, na nilitamani kurudi nyumbani kuliko nilivyowahi kutamani tangu nije huku. Ningekuwa na mabawa ningefika Mbinga siku ile.

Alhamisi asubuhi umeme ulikuwepo. Nikaanza tena. Programu ikaenda, ikaenda, ikasimama. Kwenye kidirisha kikatokea: Kulwa. Nikambonyeza taratibu, akapita salama. Nikaiachia. Ikasimama tena, na kidirisha kikaandika: Doto.

Kumbe alikuwemo muda wote. Rehema alimchapa kama alivyoapa. Nikaingia naye ndani ya ile sehemu ya kukamata walioandikwa mara mbili, mstari mmoja, mwingine, nikitazama chini kwenye kidirisha. Programu ikauliza: mama ni yule yule? Ndiyo. Kijiji ni kile kile? Ndiyo. Siku ya kuzaliwa? Ndiyo. Ni wa kike kama yule? Ndiyo. Nikangoja iulize jina. Haikuuliza. Ikaruka moja kwa moja hadi chini, ikaandika kwamba mtoto huyu ameshaandikwa, na Doto akafutwa mbele ya macho yangu. Nikarudia, maana sikutaka kuamini. Akafutwa tena.

Nikakaa nikajiuliza mtu mwenye akili zake anaachaje jina. Nilipoelewa sikuweza hata kumkasirikia vizuri. Huku mtoto anaweza kuwa Maria kanisani na Nyamizi nyumbani. Kijana wetu akipita leo anaambiwa Maria; akipita mwezi ujao anamkuta bibi, anaambiwa Nyamizi, naye anaandika watoto wawili. Yule mtaalamu aliliona hilo, akaamua majina ya huku hayashikiki, bora ashike mama na siku ya kuzaliwa. Mwanamke hazai mara mbili kwa siku moja, labda ndivyo alivyojisemea. Mapacha hawakumpitia akilini, na alikuja kuandika programu yake katika nchi ambayo mapacha wana majina yao yanayowasubiri kabla hawajazaliwa.

Na kwa kuwa Kulwa hutangulia hata kwenye karatasi, anayefutwa ni Doto siku zote. Nikaanza kuwatafuta. Kulwa wamejaa kwenye mradi wetu. Doto waliopona ni wale tu ambao pacha wao ni wa jinsia nyingine. Wengine wote, vijiji vyote vile, hawapo. Sisi tulikuwa tunamtafuta mwongo ng'ambo ya ziwa, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikimbia kwa Daktari nikidhani nampelekea habari njema. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Takwimu za nusu mwaka zimeshakwenda kwa wafadhili," akasema. "Nikawaambie nini? Kwamba hatujui kuhesabu watoto? Mwandikie yule mtaalamu. Akijibu, tutarekebisha kwa idhini yake."

"Barua mpaka kwao na kurudi, Daktari? Na Doto je?"

"Huyo ni mmoja, tutaona la kufanya."

"Si mmoja. Nimekwambia ni—"

"Skolastika. Usiiguse programu."

Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka mno kubishana, na mkubwa ni mkubwa.

Kesho yake, Ijumaa, mama mmoja anayeleta dagaa mjini kutoka Kamanga alifika getini akaniulizia kwa jina. "Umetumiwa salamu na Mama Kulwa," akasema. "Mtoto amekamatwa tangu jana, anavuta pumzi kwa mabega. Zahanati ya kijiji wanataka walipwe kwanza, sasa amekaa naye nje ya kliniki yenu. Amesema nikwambie tu, hakusema ufanye nini."

Mama, programu sikuigusa. Nilitii. Lakini dibaga ina kitu kingine ambacho sijakueleza: ukiwa umeisimamisha programu, unaweza kubadilisha kwa mkono kile kilichomo kwenye kidirisha, halafu ukaiachia iendelee, nayo itaendelea kama vile yenyewe ndiyo iliyoamua. Niliisimamisha kwenye ule mstari wa mwisho kabisa wa hukumu. Kidirisha kikasema: ameshaandikwa, ndiyo. Nikafuta ndiyo, nikaandika hapana. Nikabonyeza kuendelea, na mashine ya kuchapia ikaanza kukwaruza, kadi ikatoka, ina jina la Doto na la baba yake na la mama yake, kama kadi ya mtoto mwingine yeyote. Nikaitia ndani ya blauzi, nikamwambia Rehema naumwa kichwa, na haukuwa uongo.

Kwenye kivuko nilisimama muda wote, sikuweza kukaa. Nilipofika kliniki niliwakuta ukutani nje, Mama Kulwa na mapacha wote wawili. Kulwa alikuwa anampepea mwenzake kwa kipande cha boksi. Doto alikuwa hatoi sauti tena, mdomo wazi, shingo inaingia ndani kila akivuta. Nikamshika mama yake mkono tukaingia ndani bila kupanga mstari.

Nesi Imelda akaitazama kadi mbele na nyuma. "Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye mashine."

"Mashine ilisema mtoto huyu hayupo."

"Iliulizwa vibaya, Nesi. Mtibu kwanza, halafu unigombeze, nipo, siendi popote."

Alimwangalia Doto, akamwangalia Kulwa aliyesimama pembeni na kile kiboksi chake, sura ile ile. Akaenda kuleta sindano. Ilichukua muda mrefu, Mama. Tulikaa pale watu wazima wote tukihesabu pumzi za mtoto bila kuambizana, mpaka mabega yakaanza kushuka, na baadaye akalia kilio cha kawaida cha mtoto aliyechomwa sindano. Nilidhani Mama Kulwa atanishukuru. Hakunishukuru hapo. Alimgeukia nesi akamwambia, "Na ile kadi ya Kulwa mlete. Mlinichukulia mbele za watu, nirudishieni mbele za watu." Nesi akairudisha, lakini chumbani, mlango umefungwa.

Jana Nesi Imelda akampigia Daktari simu. Sikumlaumu, ndiyo kazi yake. Jioni dereva wa mradi akaja hapa Buswelu kunipa ujumbe: kesho saa mbili kamili niwe ofisini kwa Daktari, nije na funguo zote. Sasa unajua kwa nini nimechoka. Nimekaa hapa uani kwa Mama Sabina naandika, na sijui kama kesho nitakuwa na kazi, na sijui Doto wa nyumba nyingine wako katika hali gani. Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi zaidi.

Nisalimie Baba Mdogo Alois, mlinda mizinga, mwambie asali ya huku haifiki hata robo ya yake. Shangazi Tekla wa kwaya, mwambie nimejiunga na sauti ya pili na wananivumilia. Kaka Festo asione haya kwa kupunguzwa kazini. Aliyepunguzwa si yeye peke yake, nchi nzima imepunguzwa. Wifi Agnes nimesikia ana mzigo tumboni, ajitunze, asibebe maji. Na Bibi mpigie magoti kwa niaba yangu.

Alhamisi

Mama, barua hii sikuituma. Niliiweka chini ya godoro, nikaona nisikutie wasiwasi nusu nusu. Leo naimalizia.

Jumatatu nilipoingia, Rehema alikuwa ameshachapa barua ya kunisimamisha kazi. Hakuweza kunitazama usoni. Daktari alikuwa na kalamu mkononi. Nikaweka funguo mezani, nikamwomba jambo moja tu: kabla hajatia sahihi, akae kwenye kiti changu. Sijui ni kwa nini alikubali. Nadhani aliona nitamaliza haraka zaidi akikubali kuliko akikataa.

Nikamwambia aende stoo mwenyewe achague karatasi za mapacha wowote, asije akasema nimempangia. Akachagua. Nikamwekea alama na sharti, nikamfungulia kidirisha, nikamfundisha kitufe kimoja tu, cha kwenda mstari kwa mstari. Nikarudi nyuma nikasimama ukutani.

Akabonyeza. "Kulwa huyu hapa," akasema. "Amepita."

"Endelea, Daktari."

"Doto. Yupo! Umesema wanafutwa, mbona yupo?"

"Endelea."

Akabonyeza, akabonyeza. Nikamwona anasogeza uso karibu na kioo. Akabonyeza tena, halafu kidole kikabaki hewani.

"Amekwenda wapi?"

Akachukua karatasi nyingine, akaniambia niweke sharti jipya. Kisha nyingine. Chai yake ililetwa ikapoa. Kila akimfikia Doto alikuwa anapunguza mwendo, kama mtu anayetumaini safari hii itakuwa tofauti. Mwishowe akavua miwani, akaniuliza bila kunigeukia, "Hawa wote tumewarudisha nyumbani?"

"Waliokuja, ndiyo. Wengine hawakuja kwa sababu hawana kadi."

Akasema, "Rekebisha. Wafadhili nitawaandikia mimi." Hakuniomba radhi, na ile barua hakuichana, aliitia kwenye droo. Nikaona yatosha. Nilirekebisha siku hiyo hiyo kabla umeme haujakatika. Sasa programu ikikuta watoto wanaofanana namna ile haimfuti yeyote, inamweka kando mpaka mtu aende nyumbani akaulize kwa mdomo. Wenye majina ya Kulwa na Doto hawana haja ya kuulizwa, kwa hiyo Jumanne mashine ya kuchapia ilikwaruza kutwa nzima, na dereva akazunguka vijijini kuwaambia wazazi wa mapacha waje kliniki.

Jana ilikuwa siku ya kliniki, nikavuka na boksi la kadi mapajani. Benchi lilikuwa limejaa na wengine wamekaa chini, wanawake na watoto wao wawili wawili, na Mama Kulwa katikati yao, Doto amelala mapajani na kifua kimetulia. Aliponiona akasema tu, "Wabeja," ndiyo asante yao, nami nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Watu walikuwa wanaongea chini chini. Wengine, nadhani, walikuja bila kuamini.

Nesi Imelda akachukua kadi ya juu kabisa kwenye boksi. Ana mazoea ya kuita jina la kwanza tu, na kwa sauti kubwa, kwa kuwa watoto wanalia na upepo wa ziwa unapiga mabati. Jina hili ameliita mara chache sana tangu kliniki ifunguliwe. Akasimama mlangoni, akaita:

"Doto!"

Benchi zima likasimama.

Mwanao akupendaye,
Skolastika